"Sisi", "Yeye" na "Wewe": Nafsi katika Simulizi ya Padri Damien na Watengwa wa Molokai

Utangulizi

Mwanafunzi wa sarufi hufunzwa mapema kwamba nafsi ni tatu na kwamba kila nafsi ina umoja na wingi. Akishavikariri viambishi ni-, u-, a-, tu-, m- na wa-, huyahesabu mambo kuwa yamekwisha, akageukia ngeli ambazo humtoa jasho zaidi. Nadra aelezwe kwamba viambishi hivi vidogo vyaweza kubeba mzigo ambao nomino nzito haziwezi kuubeba. Makala haya yananuia kulitazama suala hilo kupitia kisa kimoja cha kihistoria: kisa cha Padri Damien, kasisi Mkatoliki kutoka Ubelgiji aliyeishi miaka 16 miongoni mwa watu waliotengwa kwa sababu ya ukoma katika kisiwa cha Molokai, Hawaii. Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama hadithi ya utakatifu. Hapa kinasomwa kama mgogoro wa nafsi. Ni nani aliyesema "sisi", ni nani aliyesema "yeye", na ni nani aliyeelekeziwa "wewe"?

Mahali na majina

Upande wa kaskazini wa kisiwa cha Molokai pana rasi tambarare iitwayo Kalaupapa. Pande tatu imezingirwa na bahari yenye mawimbi makali, na upande wa nne pana majabali yaliyosimama wima kama ukuta, mita mia kadhaa kwenda juu. Ni jela isiyohitaji kujengwa. Mnamo Januari 1865, Hawaii ilipokuwa bado ufalme unaojitawala, Mfalme Kamehameha wa Tano alitia sahihi sheria ya kuzuia kuenea kwa ukoma. Sheria hiyo iliipa Bodi ya Afya uwezo wa kumkamata yeyote aliyeshukiwa kuwa na ugonjwa huo na kumtenga. Kundi la kwanza, watu 12, lilishushwa huko Januari 1866, likaanza maisha Kalawao, upande wa mashariki wa rasi. Hadi amri ya kutenga watu ilipoondolewa mwaka wa 1969, takriban watu 8,000 walikuwa wamepelekwa huko. Wengi wao mno walikuwa Wahawaii wa asili.

Wahawaii wenyewe waliupa ugonjwa majina ambayo msomi wa lugha hana budi kuyapima. Jina moja lilimaanisha "ugonjwa wa Wachina", kwa kuwa ulidhaniwa kuletwa na wageni hao. Jina la pili lilimaanisha "ugonjwa wa machifu", yamkini kwa sababu haukuwaogopa watu wa nasaba. La tatu ndilo linalochoma moyo zaidi: "maʻi hoʻokaʻawale ʻohana", yaani ugonjwa unaotenganisha jamaa. Jina hili halielezi vidole wala ngozi. Linaeleza kile ambacho sheria iliwatenda wagonjwa, wala si kile ambacho vimelea viliwatenda. Jamii iliyatambua madhara ya kutengwa kuwa ndiyo ugonjwa wenyewe.

Kiswahili nacho hakikupungukiwa na majina. Mbali na ukoma, kamusi za zamani zina matana na jedhamu, hili la pili likiwa na asili ya Kiarabu. Kuna pia balanga, ambalo huwahusu zaidi wenye mabaka meupe ya ngozi. Hata hivyo, suala linaloyahusu makala haya si jina la ugonjwa bali jina la mgonjwa. Kutokana na ukoma hupatikana mkoma, wingi wakoma. Kiambishi cha ngeli ya A-WA huubandika ugonjwa kwenye nafsi ya mtu kama vile mkulima anavyobandikwa kilimo chake. Ukulima huweza kuachwa. Mkoma naye hubaki mkoma hata akipona, kwa sababu nomino haijui habari za dawa. Biblia ya Kiswahili ya Union Version inadhihirisha mkanganyiko huu kwa njia ya kuvutia: anayemjia Yesu kutakaswa huitwa mtu mwenye ukoma, ilhali Simoni wa Bethania, ambaye watu wanakula nyumbani mwake bila hofu, angali anaitwa Simoni mkoma. Tutalirejelea jambo hili baadaye.

"Sisi" ya padri

Jozef De Veuster alizaliwa tarehe 3 Januari 1840 katika kijiji cha Tremelo. Alijiunga na shirika la Mioyo Mitakatifu ya Yesu na Maria, akapewa jina la Damien. Aliyepangiwa kwenda Hawaii si yeye, ni kaka yake Pamphile. Homa ikamlaza kaka, mdogo akaomba nafasi ile. Alifika Honolulu mwezi wa Machi 1864, akapewa upadri mwezi wa Mei mwaka huohuo, akahudumu kwa miaka tisa katika kisiwa kikubwa cha Hawaii, ambako alijifunza lugha ya wenyeji hadi akaihubiri. Mnamo Mei 1873 askofu wake alipotafuta mapadri wa kupokezana zamu Molokai, Damien akawa wa kwanza kwenda. Zamu yake haikuisha. Alijenga nyumba, akapanua kanisa la Mtakatifu Filomena, akasaidia kuyaleta maji kwa mabomba, akafunga vidonda, akachonga majeneza na kuchimba makaburi. Kwa kuwa naye alikuwa amezuiwa kutoka, inasimuliwa kwamba mkubwa wake wa shirika alipofika na meli asiruhusiwe kushuka, Damien alisimama katika mashua chini yake, akaungama dhambi zake kwa sauti mbele ya abiria.

Simulizi inayopendwa zaidi kumhusu huenda hivi. Kwa miaka mingi padri aliwahutubia waumini wake kama ndugu. Kisha mwishoni mwa 1884 akaitia miguu yake katika maji ya moto asihisi chochote, nao madaktari wakathibitisha kwamba ameambukizwa. Jumapili iliyofuata akapanda mimbarini, akaanza: "Sisi wakoma..." Kanisa zima likaelewa. Filamu na vitabu vya watoto vimeinawirisha simulizi hii, na kwa mtazamo wa kisanaa ni rahisi kuona sababu: neno moja tu linabadilika, na badiliko hilo linatangaza kifo.

Tatizo ni kwamba barua za Damien mwenyewe zinaipinga. Katika barua aliyomwandikia kaka yake Pamphile mwaka wa 1873, miezi michache tu baada ya kufika, anaeleza kwamba amejifanya mkoma pamoja na wakoma ili awapate wote kwa Kristo, na kwamba ndiyo maana ana mazoea ya kusema "sisi wakoma" anapohubiri. Mwangwi wa Mtume Paulo katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho unasikika wazi. Kwa hiyo neno hilo lilikuwa kinywani mwake takriban miaka 11 kabla ya ugonjwa kuwa mwilini mwake.

Tofauti hii si ya tarehe tu. Katika masimulizi ya baadaye, "sisi" ni taarifa. Ugonjwa umemtia padri katika kundi na sarufi inafuata. Katika barua ya 1873, "sisi" ni tendo la hiari la mtu mzima wa afya, aliyekuwa na umri wa miaka 33, ambaye daktari yeyote angemwondoa katika kundi hilo. Kwa kipimo cha ukweli wa kauli, alikuwa akisema uongo. Kwa kipimo cha kile ambacho wanaisimu hukiita uamilifu wa kauli, alikuwa akiahidi. Simulizi ya mimbari ni nzuri, lakini imemnyang'anya padri ahadi yake na kuigeuza kuwa bahati mbaya.

Kuna jambo jingine ambalo mtu asomaye kisa hiki kwa Kiingereza, Kifaransa au hata Kiswahili hawezi kulitambua kwa urahisi. "Sisi" ya Kiswahili haibagui. Mwalimu akiwaambia wanafunzi, "Sisi tutakwenda Mombasa," hawajui kama wafunge mizigo au wampungie mkono. Ili kuondoa utata, msemaji hulazimika kuongeza: sisi sote, sisi na ninyi, sisi walimu. Lugha ya Kihawaii haina utata huo. Nafsi ya kwanza wingi ina maumbo mawili: "kākou", inayomjumuisha msikilizaji, na "mākou", inayomwacha nje. (Lugha kadhaa za ulimwengu hufanya hivyo, hapa kwetu Kenya, msemaji wa Kisomali hutofautisha "innaga" na "annaga" bila kufikiri.) Maana yake ni kwamba padri aliyehubiri kwa Kihawaii hakuweza kujificha nyuma ya "sisi" yenye ukungu. Akitaka kujihesabu pamoja na waliokaa mbele yake, sarufi ilimdai umbo jumuishi, na kila masikio kanisani yangeisikia tofauti.

Waliosema "sisi" kabla yake

Hapa yafaa msomaji atahadhari, kwani sifa za padri zimewafunika wengine. Damien hakuikuta rasi tupu yenye wagonjwa waliokaa wakimsubiri. Waliotengwa hawakutengwa peke yao sikuzote. Waume, wake, wazazi na watoto wenye afya waliwafuata jamaa zao hadi Kalawao, wakajulikana kwa Kihawaii kama "mea kōkua", yaani wasaidizi. Hao ndio waliopika, wakaosha, wakazika.

Mmoja wao ni Jonathan Napela, ambaye wanafunzi wa tafsiri wangepaswa kumjua. Alikuwa hakimu msomi wa Kihawaii, Mmormoni, aliyeshirikiana na mmisionari George Cannon kukitafsiri Kitabu cha Mormoni kwa Kihawaii katika miaka ya 1850. Mkewe Kitty alipopatikana na ukoma, Napela alimfuata Kalaupapa mwaka wa 1873, mwaka uleule wa Damien. Wanaume hao wawili, Mkatoliki na Mmormoni, walielewana. Napela naye aliambukizwa, akafariki mwaka wa 1879, miaka kumi kabla ya padri. Mkewe akamfuata mwaka huohuo. Hakuna sanamu yake katika miji mikuu. Hata hivyo, ikiwa "sisi" ni kujitia kwa hiari katika kundi la waliohukumiwa, basi Napela na mamia ya wasaidizi wasiotajwa waliisema bila mimbari.

Peter Kaeo naye, binamu wa Malkia Emma, alipelekwa huko katikati ya mwaka wa 1873, akamwandikia malkia barua nyingi hadi aliporuhusiwa kutoka mwaka wa 1876. Barua hizo zina umbea, njaa, bei ya nyama, vifo na mzaha. Ni nyaraka adimu, kwa sababu ndani yake aliyetengwa ni "mimi".

Isitoshe, "sisi" ya Damien haikumfanya awe sawa na wote. Alibaki padri, mzungu, mwenye kuamrisha. Inasemekana alikuwa akizivamia karamu za pombe akiwa na bakora, washiriki wakitimka kupitia mlango wa nyuma. Aligombana na Bodi ya Afya kuhusu mbao na mavazi, akagombana na wakubwa wake kuhusu kuletewa padri mwenzake. Mtu akisema "sisi" huku ameshika bakora, wenzake wana haki ya kuuliza ni nani hasa anayezungumziwa. Swali hilo halimvunjii heshima. Linamrudisha tu miongoni mwa binadamu.

"Yeye" ya kasisi wa Honolulu

Damien alifariki tarehe 15 Aprili 1889, akiwa na umri wa miaka 49. Magazeti ya Ulaya na Marekani yalimlilia. Ndipo kasisi mmoja Mprotestanti wa Honolulu, Charles Hyde, alipomwandikia mwenzake aitwaye Gage barua fupi mnamo Agosti 1889, na barua hiyo ikaishia kuchapishwa katika gazeti la kanisa huko Sydney. Ndani yake Hyde anamwelezea marehemu kama mtu mshamba, mchafu, mkaidi, aliyekwenda Molokai bila kutumwa, asiye na mchango katika mageuzi yaliyofanyika, na ambaye hakuwa msafi katika uhusiano wake na wanawake. Ugonjwa uliomuua, kwa mujibu wa Hyde, ulitokana na maovu na uzembe wake.

Kimuundo, barua ya Hyde ni mfululizo wa sentensi fupi zenye kiima kimoja: yeye. Alikuwa hivi, hakuwa vile. Nafsi ya tatu ni nafsi ya asiyekuwapo, nayo ina starehe kubwa kwa msengenyaji kwa kuwa asiyekuwapo hajibu. Katika kisa hiki asiyekuwapo alikuwa kaburini. Fauka ya hayo, shutuma ile ya mwisho ilisimama juu ya dhana ya kitabibu iliyokuwa na wafuasi wakati huo, kwamba ukoma una nasaba moja na kaswende. Leo inafahamika kwamba sivyo. Kimelea cha ukoma, ambacho Armauer Hansen alikigundua nchini Norway mwaka uleule wa 1873, huenezwa zaidi kwa matone ya puani na mdomoni, baada ya mtu kuishi kwa muda mrefu karibu na mgonjwa asiyetibiwa, na watu walio wengi wana kinga ya kimaumbile dhidi yake. Damien alikuwa akila chungu kimoja na waumini wake na kuwapa kiko chake wavute. Hapakuhitajika uovu.

"Wewe" ya Stevenson

Jibu lilitoka kwa mtu ambaye hakutarajiwa. Robert Louis Stevenson, Mskoti aliyelelewa katika imani ya Kipresbiteri, si mgeni katika historia ya fasihi ya Kiswahili: riwaya yake maarufu ya maharamia ilikuwa miongoni mwa tafsiri za mwanzo kusomwa shuleni Afrika Mashariki, kwa jina la Kisiwa chenye Hazina. Mwezi mmoja hivi baada ya kifo cha padri, Stevenson alizuru Kalaupapa kwa takriban wiki moja. Hakuwahi kukutana na Damien. Alipoisoma barua ya Hyde akiwa Sydney, aliandika waraka wa wazi wa tarehe 25 Februari 1890, akauchapisha kwa gharama yake huku akiamini kwamba ungeweza kumletea kesi.

Mbinu ya kwanza ya waraka huo ni nafsi. Hyde alikuwa amezungumza kuhusu "yeye" na mtu wa tatu. Stevenson anamgeukia na kumwita "wewe" kuanzia mwanzo hadi mwisho. Msengenyaji aliyedhani anamnong'oneza rafiki anajikuta ameketishwa kizimbani, dunia nzima ikimtazama. Mbinu ya pili ni kuzichukua shutuma za Hyde moja baada ya nyingine kwa maneno yake Hyde mwenyewe, kuzinukuu, kisha kuzijibu. Linaloshangaza ni kwamba anazikubali baadhi yake. Mshamba? Ndiyo. Mchafu? Alikuwa. Mkaidi? Sana. Stevenson alikuwa amekusanya kisiwani ushahidi kutoka kwa watu ambao hawakumpenda padri, na anaweka mezani hata ule unaomwaibisha. Mtetezi anayekubali kosa la mteja wake huaminiwa anapolikana kosa jingine. Ni mbinu ambayo wanafunzi wengi wa insha za hoja huikwepa, wakidhani kwamba kukubali chochote ni kushindwa.

Kisha anatabiri kwamba siku Damien atakapotangazwa mtakatifu, ikiwa Hyde atakumbukwa hata kidogo, atakumbukwa kwa barua hiyo moja. Utabiri huo ulitimia. Kanisa Katoliki lilimtangaza Damien mwenyeheri mwaka wa 1995 na mtakatifu mwaka wa 2009, na ni nadra Hyde kutajwa pasipo barua yake. Stevenson mwenyewe baadaye aliujutia ukali wake. Ni kweli kwamba waraka ule una ukatili: kumhutubia mtu "wewe" mbele ya umma ni silaha, sawa na kumsengenya. Aidha, katika pambano hilo lote la wazungu wawili kuhusu mzungu wa tatu, watu wa Kalaupapa wamebaki "wao", mandhari ya kutisha yanayoutia uzito ushujaa wa mwingine. Stevenson, aliyewaletea wasichana wa huko zawadi na kucheza nao, hakumpa hata mmoja wao nafasi ya kusema katika waraka wake.

Suala la tafsiri

Afrika Mashariki ina Kalaupapa zake. Kisiwa cha Bwama katika Ziwa Bunyonyi, Uganda, kiligeuzwa makao ya wenye ukoma kuanzia mwaka wa 1931. Hapa Kenya, Alupe katika eneo la Busia inajulikana kwa hospitali yake ya ukoma. Tangu Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza tiba ya mseto wa dawa mwaka wa 1981, ugonjwa huu unatibika kwa miezi kadhaa tu, na hapana haja ya kumtenga yeyote. Lugha imejaribu kuufuata uganga. Kama vile vilema walivyokuwa walemavu, kisha watu wenye ulemavu, ndivyo wakoma wanavyoitwa siku hizi wagonjwa wa ukoma au watu wenye ukoma. Kiambishi kimeng'olewa kwenye mzizi wa ugonjwa, mtu akatangulizwa.

Je, mfasiri afanye nini na kauli ya Damien? Akiandika "sisi wenye ukoma" au "sisi tulio na ukoma", atakuwa ametii adabu ya leo. Lakini padri hakudai kuwa na ugonjwa. Mwaka wa 1873 hakuwa nao, na sentensi hiyo ingekuwa uongo mtupu. Alichokitwaa ni jina, lile lile lililotumiwa na polisi, na Bodi ya Afya, na mama aliyemwonya mwanawe asikaribie ufuo. Kinywani mwa mtu mwingine, "wale wakoma" ni tusi, na mfasiri ana haki ya kuliepuka. Likitanguliwa na nafsi ya kwanza wingi, na msemaji akiwa mtu ambaye angeweza kulikataa, nomino ileile haimfukuzi tena mtu yeyote. Hapo mfasiri aliache neno lilivyo: sisi wakoma. Akipenda kuwa mwaminifu zaidi kwa lugha ambamo lilitamkwa, basi na aongeze neno ambalo Kihawaii hakikulihitaji: sisi sote wakoma.